Ladha ya Msumari

Mgeni hakufa. Habari hiyo ilimkuta Inspekta Valère Mukalay uani kwake, mswaki ukiwa bado mdomoni, nayo ilimchangamsha kuliko chai. Aliileta Adjudant Célestin wa jandarma, juu ya baiskeli, kwa sura ya mtu aliyevaa kwenda msibani akakuta watu wanacheka.

"Ameamuka, Papa Inspekta. Jana alitapika mpaka tumbo likabakia tupu, lakini leo anaomba chai. Masera Marthe wa hospitali anasema moyo umetulia."

"Mungu asifiwe." Mukalay akasukutua, akatema. "Basi Évariste anatoka."

"Anatoka wapi? Commandant anasema kutaka kuua ni kuua, hata kama mutu hakukufa. Leo muchana anapanda treni, anapelekwa kwa wasoda wa kambi ya Lubumbashi. Kama uko na kitu ya kuonyesha, anasema, uonyeshe mbele treni ipige firimbi."

Furaha ya Mukalay ikapungua nusu. Katika miaka yake yote ya kazi kwenye parquet, ofisi ya mashtaka ya Kalemie, aliwaona wengi wakipandishwa treni ile kwa jina la maquis, yaani waasi wa porini, na hakuwahi kumwona hata mmoja akishuka.

Mambo yenyewe yalitokea jana, wakati wa chakula cha mchana, mkahawani La Braise. Citoyen Omer Kitungwa, mwonja divai wa tume ya hoteli, alitumwa kutoka Kinshasa kuja kupima kama divai za Mama Adrienne zinafaa kuwekwa mbele ya wageni wa Serikali. Nyama haikuwa na mjadala. Ng'ombe walitoka milima ya Marungu, wakashushwa Moba na kuletwa kwa boti, na hata wenye wivu walikiri kwamba hakuna biftek kama ile ufukoni kote. Zilibaki divai. Kwenye chupa ya tatu mgeni alishika kifua. Shingo ilimwaka, jasho likamtoka hadi likalowesha abacost yake, koti la wakubwa lisilovaliwa tai, akatapika juu ya kitambaa cheupe na kuanguka. Meza nzima ikapiga kelele: sumu!

Aliyefungua chupa na kumimina alikuwa Évariste Wilondja, mhudumu wa siku nyingi, Mubembe wa kutoka Fizi. Milima ya Fizi ilikuwa na waasi. Commandant hakuhitaji jambo la tatu. Yeye ni mtu wa kuamini kwanza na kutazama baadaye, na Mukalay, mfupi na mbishi kama alivyo, alikuwa amezoea kumfuata nyuma akiokota vipande.

Alivaa shati, akamchukua Célestin, wakashuka hadi La Braise.

Mama Adrienne aliwapokea mlangoni, kilemba kimekaa upande, macho yamevimba. Alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliyepewa mkahawa ule Serikali ilipogawa mali za wageni na Mgiriki mwenye nyumba akaenda zake. Leo sauti ya kuamuru haikuwepo.

"Anaishi?" aliuliza.

"Anaishi, Mama. Anakunywa chai."

Mama Adrienne akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. Alilia kidogo, bila aibu, kisha akainuka na kuwaonyesha njia.

Chupa tatu zilikuwa ndani ya kabati ambalo Mukalay mwenyewe alilifunga jana na kuondoka na ufunguo. Alizipanga mezani karibu na dirisha. Alianza na vizibo. Alivigeuza juani kimoja kimoja akitafuta tundu la sindano, hakuona kitu. Alizinusa shingo za chupa. Nyekundu ya Ureno ilinuka matunda, ya Bordeaux ikanuka ubao mkavu. Ya tatu, nyeupe, ilimfanya arudishe kichwa nyuma.

Célestin naye akainusa. Macho yakamtoka. "Njo hii! Inanuka terebentine, ile wanachanganya na rangi ya nyumba. Papa Inspekta, tumemupata!"

Mama Adrienne alicheka bila kutaka. "Divai ya Wagiriki iko vile, mwanangu. Wanatia utomvu wa muti ndani. Mugiriki alikuwa anakunywa hii kila Paska, na alizeeka mpaka akakosa meno."

Célestin alinywea. Jana yake alikuwa amefanya uchunguzi wake mwenyewe, kwa kumnywesha mbuzi wa kambi mabaki ya glasi zote. Mbuzi alilala vizuri, akaamka, akala kofia ya sajini. Commandant alisema mbuzi si shahidi.

"Mama," Mukalay alisema, "jana ulisema Évariste hakuonja."

"Hakuonja. Alimimina kidogo mu glasi ya mugeni, akasimama kumungojea. Watu wote wa meza waliona. Kwetu mwenye kuleta kinywaji anakunywa wa kwanza, mugeni aone hakuna kitu ndani. Hata wewe unajua."

"Ninajua. Nani alimufundisha Évariste kazi?"

"Mugiriki."

"Na Mugiriki alimufundisha nani aonje mbele?"

Mama Adrienne aliikunja pembe ya kitambaa cha meza, akaikunjua.

"Mugeni," alisema mwisho. "Kwa Wazungu njo mugeni anaonja, aseme kama divai ni nzuri."

"Ulimwambia Commandant?"

"Hakuniuliza. Na mi niliogopa, Papa. Watu walikuwa wanalia sumu, sumu, na nyumba ni yangu. Nikasema ile walitaka kusikia."

Mukalay hakumgombeza. Kugombeza kungekula muda, na uso wa mwanamke yule ulikuwa umeshajigombeza wenyewe. Aliomba glasi tatu.

"Unafanya nini?" aliuliza Célestin.

"Mbuzi si shahidi. Mi ni shahidi."

Usidhani hakuogopa. Alimimina zote tatu, na moyoni alimfikiria mke wake na namna ambavyo angemsema mbele ya jeneza. Lakini alipiga moyo konde, akanywa ya kwanza, akanywa ya pili, akaifumbia macho ile ya utomvu na kuimeza kama dawa ya minyoo. Kisha alikaa. Célestin alivua kofia. Mama Adrienne alikuwa akisogeza midomo katika sala, akimtazama shingo kama itawaka. Nje, mpishi alikuwa akipasua kuni kana kwamba dunia haina shida.

Haikuwaka. Alingoja mpaka Célestin akachoka kushika kofia, na kilichomtokea ni kwamba alianza kuipenda ile ya Ureno.

"Ni nzuri hii," alisema, mwenyewe akishangaa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa bia.

"Si ndiyo!" Mama Adrienne alipumua kwa nguvu hadi kilemba kikaanguka. "Sasa uniambie, juu ya nini mugeni alisema ni mbaya? Zote! Ya kwanza alisema ina ladha ya musumari. Ya pili, musumari. Ya tatu, musumari. Nikajua nyumba yangu imekwisha mbele hata yeye aanguke."

Mukalay aliweka glasi chini polepole. "Alisema musumari? Kwa hizi zote?"

"Hata kwa maji! Alikunywa maji kusafisha mudomo, akakunja uso, akasema na maji yana chuma."

"Maji yenu?"

"Yake mwenyewe. Alikuja na chupa yake, hakuamini maji yetu. Watu wa Kinshasa, unawajua."

"Évariste aliigusa hiyo chupa?"

"Aiguse vipi? Ilikuwa mu mufuko ya mugeni, chini ya kiti, kati ya miguu yake."

Hapo Mukalay alisimama, akaenda dirishani. Mtu anakunywa divai ya Ureno, anaona msumari. Anakunywa ya Ufaransa, msumari. Anakunywa maji yake mwenyewe, yaliyotoka mfukoni mwake mwenyewe, na bado ni msumari. Basi msumari haukuwa ndani ya chupa. Ulikuwa ndani ya mdomo, na uliingia La Braise pamoja na mwenye mdomo.

"Mama, alikula?"

"Biftek hakuigusa. Alikula wali mutupu. Na mbele ya kukaa aliuliza choo iko wapi, akaenda mara mbili."

"Na divai, aliimeza? Mi nilisikia waonja divai wanatema."

Mama Adrienne alishika mashavu. "Usinikumbushe. Ya kwanza aliitema! Mu ndoo, mbele ya watu! Mujomba wangu, Papa Gaspard, akasimama na fimbo yake: 'Unatemea kinywaji ya mutoto wetu? Tumekukosea nini?' Watu wakaanza kuinuka. Mugeni akapata haya, akaomba musamaha. Ya pili na ya tatu akameza. Tena glasi nzima nzima, ili mujomba afurahi."

Mukalay alicheka. Alicheka peke yake pale dirishani, kicheko cha mtu aliyebeba gunia mlima mzima akaona kilele. Masika yaliyopita yeye mwenyewe aliugua amiba, akameza vidonge vya Masera Marthe, na siku zote za dozi hata mboga ya sombe ya mke wake ilikuwa na ladha ya sarafu. Na Masera alikuwa amemwonya jambo moja kwa kidole kilichonyooka: pombe hapana, hata tone, la sivyo moyo utakuruka.

"Célestin, lete baiskeli. Twende ku hospitali."

Walimkuta Masera Marthe, mtawa mwembamba asiyejua kutembea polepole, akitoka kwenye chumba cha mgeni.

"Masera, huyu mugonjwa alikuambia anameza dawa yoyote?"

"Nilimuuliza mara tatu. Anasema hapana, hamezi kitu."

"Unipe chai. Yenye sukari mingi."

Alileta bakuli la chai. Mukalay alikunywa nusu mbele yake, akaingia nalo chumbani. Citoyen Omer Kitungwa alikuwa amekaa kitandani, mtu mpana wa miaka hamsini, mwenye sharubu zilizochongwa na macho ya mtu aliyepita karibu na kaburi. Mwonja divai huyu alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, amezaliwa Kongolo, na Kiswahili chake kilikuwa kizima ingawa alikificha chini ya Kifaransa kingi.

"Citoyen, kunywa kidogo. Unajua kuonja kuliko sisi wote. Uniambie ndani mna nini."

Mgeni alionja. Kazi ni kazi, hata kwa mgonjwa. Aliizungusha mdomoni, akafikiri. "Chai ya milimani. Imechemshwa sana. Na birika limeharibika, kuna chuma."

"Kama musumari?"

"Kama musumari."

"Birika ya Masera ni ya udongo," alisema Mukalay. "Na mi nimekunywa nusu. Ni tamu tu."

Mgeni alitazama bakuli, akamtazama Inspekta, kisha akautazama mlango kama mtu anayepima umbali.

"Vidonge viko wapi, Papa?" Mukalay aliuliza kwa upole. "Vya amiba."

Citoyen Omer aliziba uso kwa mikono. Baadaye alinyoosha kidole kuelekea abacost iliyoning'inia msumarini. Ndani ya mfuko kulikuwa na karatasi iliyofungwa kama ya karanga, na ndani yake vidonge vyeupe. Masera Marthe alikinusa kimoja, akakilamba kwa ncha ya ulimi, na uso wake ukabadilika.

"Na ulikunywa divai juu yake! Glasi ngapi? Wee, Mungu alikuwa amekaa karibu na wewe jana! Nilikuuliza mara tatu!"

"Treni ilikwama Kabalo," alisema mgeni, sauti imekuwa ndogo. "Nilikula pale, tumbo likafunguka. Mutu wa dawa mu soko akaniuzia hizi. Hakusema kitu juu ya pombe. Ulimi ukakufa. Mi ni muonja divai, Inspekta. Muonja hana ulimi ni nini? Nikafikiri nitaonja, nitatema, nitaandika kitu, nitarudi."

"Na mujomba ya Mama Adrienne akasimama na fimbo."

"Mi ni mutoto ya Kongolo. Ninajua mutu anatemea kinywaji ya mwenyeji anamaanisha nini. Kule Ulaya, nilipojifunza divai, nilisahau. Yule muzee alinikumbusha. Nikameza."

"Basi hakuna sumu."

"Hakuna. Nilijua leo asubuhi, nilipoamka. Nilihesabu mambo, nikaelewa."

"Na ulinyamaza." Sauti ya Mukalay haikuwa na upole tena. "Kuna mutu amefungwa mu cachot, Papa. Leo muchana anapanda treni, na huko hawatamuuliza swali. Ana bibi na watoto. Kosa lake ni kwamba alizaliwa Fizi, na alikufungulia chupa vizuri."

"Sikujua walimukamata." Mgeni aliinua kichwa. "Kwa jina la Mungu, sikujua. Nilifikiri nitaondoka kimya, mambo yaishe."

"Unaweza kuondoka kimya. Treni ni ileile. Mutapanda pamoja."

Mukalay aliliacha neno hilo hapo. Alijua anaomba kitu kikubwa: mtu wa Kinshasa, mwenye abacost na sharubu, aende kukiri mbele ya wasoda kwamba tumbo lilimwendesha na ulimi ulimfia, naye akaendelea kuhukumu divai za watu. Kazi yake ingekwisha kwa kicheko. Mgeni aliketi akizitazama kucha zake.

"Masera," alisema mgeni mwisho, "nipe suruali yangu."

Commandant aliwapokea ofisini, mlango umefungwa. Citoyen Omer alisimama wima akaeleza kila kitu kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, akitazama ukuta. Vidonge viliwekwa mezani. Masera Marthe alithibitisha, kwa maneno ambayo Commandant hakutaka yarudiwe. Commandant aliguna, akakuna kidevu, akauliza kama ana uhakika, kisha akasema, kama mtu anayekutolea zawadi, kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka juu ya jambo hili. Mukalay aliuma ulimi. Leo alikuwa tayari kumwachia hata hilo.

Célestin alikwenda kufungua cachot, akarudi peke yake.

"Hataki kutoka. Anafikiri ni treni."

Mukalay alikwenda mwenyewe. Évariste alikuwa amekaa kwenye kona, mtu mrefu, shati jeupe la kazi bado mwilini, mikono ikiwa ndani ya pingu. Hakuinua macho.

"Évariste, mugeni ni muzima. Haikuwa sumu. Ilikuwa dawa yake mwenyewe. Simama, mwanangu."

"Ni muzima?"

"Anasimama pale nje."

"Asante Mungu," alisema Évariste. "Asante, asante. Usiku wote niliomba asikufe." Akasimama, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na Mukalay akamfungua pingu na kumshika kwapa.

Langoni alikuwepo Léonie, mke wa Évariste, na beseni la ugali alilokuja nalo ili mumewe asipande treni na njaa. Nyuma yake, barabarani, walisimama watu wa mtaa wao. Walikuwa wamekuja kuona mtu wa maquis akipelekwa stesheni. Léonie alimwona mumewe, akaweka beseni chini, akampapasa uso, mabega, mikono, kama mtu anayekagua kitu alichorudishiwa. Kisha akageuka kwa mgeni.

"Papa, wewe njo ulianguka?"

"Ndiyo, Mama. Nimeshasema kila kitu kwa Commandant. Bwana yako hana kosa."

"Ulisema wapi?"

"Kule ndani. Mu biro."

"Kwa Kifaransa?"

"Kwa Kifaransa."

"Hawa hawakusikia." Léonie alionyesha barabara kwa kidevu. "Jana walitupa mawe juu ya nyumba yangu. Watoto wangu wamelala chini ya kitanda. Commandant atanyamaza, wewe utarudi Kinshasa, na mi nitabakia na hawa. Sema tena, Papa. Kwa Kiswahili. Kwa nguvu."

Citoyen Omer alimtazama Mukalay, akitafuta msaada. Mukalay aliangalia ziwa.

Mwonja divai alivuta abacost yake ikae sawa. Alitoka langoni, akasimama katikati ya barabara, kwenye jua, mbele ya watu wote wale.

"Watu wa Kalemie!" alisema, na sauti ilimvunjika, akaanza upya kwa nguvu zaidi. "Mi njo Omer Kitungwa! Évariste Wilondja hakunipa sumu! Nilikuwa naharisha! Tangu Kabalo nilikuwa naharisha, nikameza dawa, nikaficha, nikakunywa divai juu yake! Divai ya Mama Adrienne ni nzuri, ubaya ulikuwa mu tumbo yangu! Huyu mutu alinihudumia vizuri, na mi nusura nimuue!"

Mzee mmoja alikohoa. Kisha mwanamke mwenye kikapu cha samaki, aliyekuwa mbele kabisa, alicheka hadi akashika magoti, na kicheko kikapita kwa watu wote hadi mwisho wa barabara, na Citoyen Omer alisimama katikati yake akikipokea chote.

Léonie hakucheka. Alingoja watulie, akainua beseni lake kichwani, akamshika Évariste mkono, na watu wakawapisha njia.